Karoti za Uani

Februari 24, 2024
Kariakoo, Dar es Salaam. Kaskazi inamalizia hasira zake. Mchana nyuzi 32, usiku shuka halishikiki. Nimejaza udongo ndoo za rangi za lita 20 nilizotoboa chini: udongo mweusi, mchanga, na samadi iliyooza tangu mwaka jana. Samadi mbichi huipasua karoti ikatoka na miguu miwili. Mbegu ni za karoti aina ya Nantes. Mzee wa chumba cha mbele, mtu wa Lushoto, amenikuta nikizichanganya na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa rundo.
"Mwanangu, kwa joto hili? Hazitakuwa."
"Ndiyo maana nazipanda sasa, mzee. Nyingine nitazipanda kusi ikishika, tuzilinganishe."
Akacheka, akasogeza kiti chake kivulini.

Machi 8
Zimeota kwa upendeleo. Ndoo za ukutani, ambako bati linarudisha jua la mchana, hazijatoa kitu, ingawa magunia niliyozifunika nayo nayalowesha asubuhi na jioni. Mbegu hii hufukiwa sentimita moja tu, hivyo udongo wa juu ukikauka, chipukizi hufia humo humo. Ndoo zilizo upande wa ghorofa la jirani zimejaa kijani. Mtaa mzima tulilinung'unikia ghorofa hilo kwa kutunyima jua!

Machi 24
Ramadhani. Baada ya alasiri nimepunguzia miche, nikaacha sentimita tano kati ya mmoja na mwingine. Roho inauma kung'oa mche wenye afya, lakini ikibanana, mwisho wake ni majani matupu. Karoti haipendi kuhamishwa pia. Hiyo niliyong'oa siwezi kuipandikiza kwingine.

Aprili 21
Masika haina huruma. Bonde la Jangwani limejaa maji, na hapa uani mvua imekomba udongo hadi mabega ya karoti yako nje. Bega likipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa chungu. Nimezipandishia udongo.

Mei 4
Kimbunga Hidaya. Boti za Unguja zimesimama, redio haina habari nyingine. Mimi na mzee tumebeba ndoo moja moja hadi ukumbini, wapangaji wakilalamika hawana pa kupita.

Mei 18
Nimevuna. Fupi, nene juu, rangi ya njano iliyochujuka. Nimenunua fungu la karoti za Lushoto kwa mama anayepanga barabarani, maana soko lenyewe la Kariakoo bado limo kwenye ujenzi tangu liungue Julai 2021. Tumeziweka kwenye sahani moja. Mzee ameonja ya kwetu akakunja uso: "Ina ukali."
Ukali huo ni kazi ya joto. Rangi ya karoti hukolea vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 21, na joto likizidi hapo mzizi hufupika na mafuta yake makali huongezeka, yakaufunika utamu. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye usawa wenyewe. Za kwetu zimeishia kwenye pilipili ya kusaga. Jioni nimepanda mbegu zilizobaki.

Juni 25
Wafanyabiashara wamegoma kwa sababu ya kodi, na maduka yamefungwa. Kariakoo bila vipaza sauti! Nimepalilia nikisikia hadi kunguru. Kusi imeshika, udongo wa ndoo ni baridi mkononi, na safari hii hata ndoo za ukutani zimeota.

Agosti 17
Mavuno ya pili. Ndefu kama kiganja, rangi imekolea, utamu upo. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na karoti imeutumia. Bado hazijaifikia ya Lushoto kwa urefu, na kwa hesabu ya fedha fungu la barabarani ni rahisi zaidi. Lakini mzee amekula mbili mbichi bila kusema neno, kisha akaomba ya tatu.
Hukumu: kwa Dar es Salaam, karoti ipandwe masika inapokwisha, Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Februari ijayo ndoo hizi ni za mchicha na bamia.