Ngiri Iliyosubiri Mwaka

Ngiri yangu ilichagua wakati mbaya. Miezi 3 tu ilikuwa imepita tangu nipate mshtuko wa moyo, nikazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kale kabomba ka wavu wa chuma kanakoushikilia mshipa ubaki wazi. Mimi ni fundi seremala, kunyanyua mbao ndiyo riziki yangu. Sasa kinena kimevimba kama limau, na nikikohoa kinasukuma.

Kliniki moja, sitaitaja, wakanipangia upasuaji wiki iliyofuata. Wakaniambia niache dawa zote za kufanya damu iwe nyepesi, nisije nikatoka damu nyingi. Nikatii. Siku 2 sikumeza aspirini wala klopidogreli. Kumbe stenti ikiwa bado changa damu inaweza kuganda humo ghafla, na wengi safari yao huishia hapo.

Aliyeniwahi ni daktari wa usingizi, binti wa umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo baba. Dawa zako ziko wapi?"

Nilipomweleza, akaweka kalamu chini. "Baba, leo hupasuliwi. Wala mwezi ujao."

Dawa nikarudishiwa siku ile ile. Nikaambiwa stenti itimize mwaka kwanza, ila ngiri ikiwa ngumu, ikiuma na nikitapika, nikimbilie hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Miezi 9 hiyo ilinitesa. Nilivaa mkanda, mbao akanyanyua mwanangu, mimi nikabaki na msasa kama mwanafunzi wa kwanza. Sigara ya miaka 30 niliiacha kwa ugomvi; mke wangu ndiye shahidi, maana nilikuwa nagomba hata na kuku. Nilitembea kila alfajiri. Kipimo alichonipa yule binti kilikuwa ghorofa 2 kwa ngazi bila kusimama. Mwanzoni moja tu ilinitoa jasho.

Mwaka ulipotimia, daktari wa moyo ndiye aliyeniachisha klopidogreli, wiki nzima kabla ya upasuaji. Aspirini niliendelea nayo. Dawa ya kolesteroli na ile ya kutuliza mapigo nilizimeza hadi asubuhi yenyewe, kwa funda la maji. Nikachomwa sindano ya mgongo, nikapasuliwa nikiwa macho, wakanishonea wavu kinenani. Sasa nina wavu juu na wavu chini.

Ndugu yangu mwenye maradhi ya moyo, ukiitwa kupasuliwa, nenda na mfuko mzima wa dawa zako. Asikuachishe mtu hata kidonge kimoja kabla daktari wako wa moyo hajajua.