Mbwa Asiyebweka

Nani kati yenu angali na mbwa wa zamani? Twasema yule mdogo, mwekundu, mwenye miguu myeupe, masikio ya kusimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Paji lake lina makunyanzi kama la mzee anayefikiri deni lake. Habweki. Si kwamba ni bubu: akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, karibu kama mtu anayeimba, na akiumia hulia. Lakini kubweka kama mbwa wengine, hapana.

Huku kwetu Ituri, na kule Uele kwa Wazande, wazee walimfuga kwa kuwinda. Kwa kuwa habweki, mwenyewe angempoteza msituni, basi walimfunga kengele ya mti shingoni. Utotoni tulikaa karibu na fundi mmoja wa kengele hizo. Alichagua mti mwepesi, akauchimba ndani polepole kwa kisu, akatia vijiti viwili viwe ndimi zake. Siku ya kuwinda kengele ilizibwa kwa majani, isilie njiani. Nyavu zilipokwisha kutandwa, majani yalitolewa na mbwa wakaachwa. Mboloko aliposikia kelele ile nyuma yake alikimbia mbele, moja kwa moja mpaka wavuni. Kila kengele ilikuwa na sauti yake, na mtu alijua mbwa wake yuko wapi bila kumwona.

Siku hizi mbwa huyu anapungua. Wanyama wenyewe wamepungua karibu na barabara. Vita viliwakimbiza watu, na wengi waliacha mbwa nyuma. Mjini watu wataka mbwa wa kulinda nyumba, na mlinzi asiyebweka faida yake nini? Wakaletwa mbwa wakubwa wa Ulaya, nao wanazaa na wa kwetu ovyo njiani. Tena jike wa zamani hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na wale wengine kwa kawaida mara mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza aiweza.

Iko sababu nyingine, nasi twaiona kubwa: jina. Wakati wa Wabelgiji mtu wa kijijini asiyejua kusoma aliitwa mshenzi, na mbwa wake akaitwa mbwa wa basenji. Nani atajivunia kitu chenye jina hilo? Na ajabu ni hii: Wazungu walilichukua jina lile lile. Mwaka 1895 mbwa wawili walionyeshwa London, wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa huko Uingereza, watu wakasongamana kuwatazama. Tangu hapo tusi letu limekuwa jina la heshima, nao walipa fedha nyingi kumpata Basenji mmoja.

Lakini mbwa wao walitoka kwa mababu wachache mno. Wakazaana ndugu kwa ndugu, hata ukaenea ugonjwa wa figo, ambao hupoteza sukari ya mwili katika mkojo. Ndiyo sababu mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja hapa, nchi ikiitwa Zaïre, kutafuta damu mpya. Walitafuta kaskazini-mashariki, katika vijiji vya mbali. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kikawakubali mbwa hao katika kitabu chake. Basi damu ile waliyovuka bahari kuifuata ilikuwa imelala jikoni kwetu, karibu na majivu, ikipigwa teke na kila apitaye.

Mwaka jana tulipita vijiji vitano vya upande wa Mambasa tukiuliza habari zake. Kengele tuliona tatu, zimetundikwa ukutani pamoja na utando wa buibui. Mbwa wa kweli tulimwona mmoja, jike, na mwenyewe ataka kumwuza apate kununua bati. Tulimwomba angoje azae kwanza, tena amfunge siku za joto, mbwa wa barabarani wasimfikie. Alicheka sana. Kisha akasema atangoja mpaka mvua zikatike.