Kona ya Kijito

Maneno 600 kuhusu kulima wasabi nyumbani. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na mteja ambaye sijawahi kumwona, analipa kwa neno. Tangu karo ikatike na chuo kibaki nyuma, nimeandika kuhusu mazulia, bima ya mbwa, mabwawa ya kuogelea. Unaandika, unalipwa, unasahau. Hii ya wasabi ilikataa kusahaulika, maana kila nilichosoma kilikuwa kama mtu anaeleza kwetu: baridi ya nyuzi 8 hadi 20, kivuli, maji yanayotembea. Kule Izu, Japani, huipanda ndani ya vijito vya milimani. Sisi hapa Kericho tuko mita kama 2,000 juu ya bahari, alasiri nyingi mvua inapiga, na chini ya shamba letu la chai kuna kijito chenye miti. Kona hiyo haina kitu.

Haina kitu, lakini ina wenyewe. Baba mdogo anataka chai ishuke hadi pale. Majani huchumwa, hupimwa, hulipwa kila mwezi. Hesabu yake naielewa. Wasabi huchukua kama miaka miwili kukomaa.

"Miaka miwili tunangoja mboga ya Wachina?"

Ni Wajapani, nikasema. Haikusaidia.

Kogo ndiye aliyeniokoa, ingawa sidhani alikusudia. Nilikuwa nimerudi na tyubu ya kijani kutoka supamaketi ya Nairobi (nyingi ya hizo si wasabi hata, ni mzizi mwingine wa bei nafuu, haradali na rangi). Akalamba. Macho yakajaa machozi, akacheka.

"Hii ni isagek imekasirika."

Hakuwa mbali. Isagek, ile saga ya nyuma ya jikoni, mgagani kwa Kiswahili cha vitabuni, ni ya ukoo jirani na wa wasabi, na ukali wao unatoka kwa kemikali za jamii moja na za haradali. Isagek kogo huichemsha mpaka itulie, kisha anaitia maziwa. Wasabi unaikwaruza mbichi na kuila upesi, kwa sababu dakika 20 hivi ukali umeshapungua.

Kisha akamgeukia baba mdogo: "Na chai, ilikuwa ya nani?"

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, Limuru. Huku kwetu mashamba makubwa ya wazungu yalikuja miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo rika la baba yake kogo lililishia ng'ombe. Baba mdogo aliangalia kikombe chake.

Nimepewa kona hadi mvua za Machi. Mbegu za wasabi zikikauka huwa ngumu kuota, kwa hiyo natafuta miche, na mche wa kutoka nje hauingii bila kibali cha KEPHIS. Nimeshapanga mawe maji yapite polepole, nimefunga neti nyeusi, maana mvua ya mawe ya huku haina huruma. Kogo, ambaye haachi udongo ukae bure, amepanda isagek kando, palipo na jua. Tumechuma mara mbili. Baba mdogo alikula, akaomba aongezewe. Miche yake ya chai bado iko kwenye mifuko nyuma ya stoo, na anaimwagilia kila jioni.