Safari ya Endagikot na Mguu Uliokaza

Ukitoka Arusha kwenda Mbulu utapita Makuyuni na Mto wa Mbu, utapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto, na hatimaye utafika Karatu. Watalii huendelea mbele kwenda Ngorongoro. Sisi tuligeukia kusini. Kuanzia hapo ni vilima juu ya vilima, mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, na ubaridi unaokufanya utafute sweta hata kama uliondoka nyumbani ukitokwa na jasho. Ilikuwa Aprili 2022, masika, na tope lilitukawiza njiani hata tukafika jioni.

Tulikuwa akina mama watano wa kanisa moja, wawili kati yetu wauguzi. Tulikwenda Endagikot, kata iliyo jirani na mji wa Mbulu, kumwona mama mmoja tuliyezoea kusali naye kila alipokuwa Arusha. Jina lake tunalihifadhi. Figo zake zilishindwa kazi mwaka 2021, na tangu hapo alikuwa akikaa Arusha kwa binti yake ili asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara. Mara moja kwa mwezi aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa siku mbili tatu kuona mji wake, kisha akawahi mashine. Safari hii alikuwa amemwambia binti yake kwamba harudi tena.

Wenyeji wengi wa Endagikot ni Wairaqw, ambao sisi wengine tumezoea kuwaita Wambulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na sikio la Mswahili haliambulii hata neno moja. Zamani walijenga tembe zilizozama nusu ardhini, paa likiwa tambarare na kufunikwa udongo, na wazee bado wanasimulia jinsi nyumba zile zilivyokuwa na joto usiku. Tuliikumbuka habari hiyo usiku ule, tukiwa chini ya bati, tumejifunika mablanketi mawili mawili!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunirudisha?"

Hatukuwa na jibu. Alitukaribisha jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na moto, akatueleza mwenyewe. Si sindano iliyomchosha, wala safari, wala hata gharama. Ni mguu. Kila ilipokaribia saa ya mwisho kwenye mashine, kigimbi cha mguu wa kulia kilikaza kama jiwe, vidole vikajikunja, na maumivu yakapanda hadi pajani. "Nimezaa watoto saba," alisema, "sijapata kulia mbele ya watu. Pale nalia kama mtoto, na vijana wadogo wananiangalia." Kwa hiyo alianza kuomba atolewe mapema, kwanza nusu saa kabla ya wakati, baadaye saa nzima. Mwisho aliona heri akae nyumbani.

Msomaji aliye mzima huenda akashangaa mtu kutaka kuacha matibabu yanayomweka hai kwa sababu ya mguu kukaza. Sisi wauguzi hatukushangaa. Kukaza kwa misuli ni moja ya taabu zinazowapata mara nyingi wagonjwa wanaosafishwa damu, na ni sababu mojawapo inayowafanya wakatize muda wao. Mgonjwa akikatiza, uchafu na maji hubaki mwilini. Siku inayofuata mashine huwa na maji mengi zaidi ya kuvuta, na mguu hukaza zaidi.

Sababu yake tulimweleza kwa mfano wa chemchemi. Mashine huvuta maji kutoka katika damu peke yake. Maji yaliyo ndani ya nyama ya mwili hutiririka taratibu kuingia kwenye damu ili kujaza pengo, kama chemchemi inavyojijaza usiku. Ukichota kwa kasi kuliko inavyojaa, utafikia tope. Damu ikipungukiwa maji, mishipa hujibana, presha huweza kushuka, na misuli ya miguu ikikosa damu ya kutosha hukaza. Ndiyo maana taabu hii huja zaidi karibu na mwisho. Wataalamu wengi huona vema mashine isivute zaidi ya mililita 13 kwa saa kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kama lita tatu tu kwa saa nne. Yeye alikuwa akifika na kilo nne za maji, na nusu ya safari alikuwa akikatiza muda.

"Basi niache kunywa," akasema.

Hapo ndipo tulipotazama jiko lake vizuri. Mkwe wake, binti mchangamfu mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akipika makande, na kando ya jiko palikuwa na donge la magadi. Sisi sote twajua magadi hulainisha maharage na kuokoa kuni. Lakini magadi yamejaa sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani, na ndiyo inayoleta kiu. Mkoa wenyewe wa Manyara umejaa maziwa ya chumvi na magadi, kama Balangida iliyo chini ya Mlima Hanang, hivyo huku donge la magadi si kitu cha kushangaza jikoni. Mkwe alikuwa amepunguza chumvi kama alivyoagizwa, asijue kwamba mlango mwingine umebaki wazi. Mgonjwa aliyekula sodiamu nyingi ukimwambia asinywe maji unamtesa bure, kwani kiu itamshinda. Dawa ya kiu yake iko kwenye sufuria. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyofichika, isizidi gramu 5, nayo ni kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima.

Tukakuta na mambo mengine mawili yaliyotutia hofu zaidi ya magadi. La kwanza ni ndizi mbivu. Jirani alisikia kwamba mchezaji mpira akikazwa na misuli hupewa ndizi, akamletea mkungu mzima. Mchezaji mpira ana figo mbili nzima! Ndizi ina potasiamu nyingi. Figo zilizokufa haziwezi kuitoa, ikijaa kwenye damu huweza kuusimamisha moyo ghafla, bila kuaga. Hali kadhalika zile chumvi mbadala zinazouzwa madukani kwa wenye presha, kwani nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Viazi vya Mbulu, ambavyo ni vitamu sana, hatukumkataza kabisa, ila tulimwonyesha mkwe kuvimenya, kuvikata vipande vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo. Potasiamu haiishi, bali hupungua, na kipimo alikuwa ameshapewa na mtaalamu wa lishe.

La pili ni vidonge vya kwinini vilivyobaki tangu mtoto wa nyumba hiyo alipougua malaria. Ni kweli zamani kwinini ilitumika duniani kote kutuliza misuli. Lakini yaweza kuharibu chembe zinazogandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na ndiyo maana huko Marekani miaka ya 1990 ilikatazwa kuuzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya taabu hii. Tulivichukua vidonge vile. Mama hakupenda.

Jioni ile tulimfundisha la kufanya mguu unapokaza, yeye pamoja na mkwe na wajukuu wawili waliokuwa wakicheka. Kwanza, amwite muuguzi mara tu anapohisi msuli unaanza kucheza, asingoje alie. Muuguzi aweza kupunguza au kusimamisha uvutaji wa maji na kumrudishia maji kidogo ya dripu kwenye mshipa, na kwa kawaida mguu hulegea baada ya dakika chache. Wakati huo huo anyooshe goti, na mtu amvutie vidole vya mguu kuelekea kwenye goti, taratibu, ashikilie hivyo huku akikikanda kigimbi kwa kiganja. Asivutwe kwa nguvu wala asipigwepigwe. Kitambaa cha moto husaidia, ila mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asiwekewe, maana ataungua asijue. Na kabla ya kulala, pia njiani kwenye basi, achezeshe nyayo juu na chini. Tulijaribu sisi wenyewe tukiwa tumekaa kwenye vigoda, watu wazima saba tukichezesha nyayo mbele ya moto.

Jumatatu alirudi nasi Arusha. Magadi yakakoma. Baada ya majuma machache alikuwa akifika kwenye mashine na kilo mbili tu za maji, na mguu ukatulia. Tulijisifu kidogo, ni lazima tukiri.

Mwezi wa Julai mguu ulianza upya, na safari hii miguu yote miwili, na usiku pia, na sauti ikamkauka kila alipotoka kwenye mashine. Mwezi wa Agosti tukapanda tena basi kumfuata Endagikot. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mahindi yameanikwa uani, na ng'ombe wameachiwa mabua. Naye alikuwa ametangaza tena kwamba harudi.

Hapo tulikosea. Tulikuwa tumeshikilia somo letu la chumvi na maji, tukaona jibu ni moja tu: anakunywa kwa siri. Mmoja wetu alimwambia hivyo, mbele ya mkwe wake. Alimwambia mama wa miaka 58, aliyetuita wanawe, kwamba anawadanganya watoto wanaouza ng'ombe kwa ajili yake. Yeye hakujibu. Alifunika magoti kwa shuka akatazama moto. Mkwe akatoka nje.

Baada ya kitambo mkwe alirudi akiwa ameshika blauzi. "Hii ndiyo aliyovaa Pasaka," alisema. "Sasa mkono hauingii. Nami namkandia miguu kila jioni, haijavimba hata kidogo. Mama amenenepa. Anakula."

Ilitubidi kunyamaza. Jambo hilo tulisomeshwa chuoni na mmoja wetu amelifanyia kazi miaka mingi wodini. Kila mgonjwa wa mashine huwekewa uzito ambao waganga huuita uzito mkavu, yaani uzito wake akiwa hana maji ya ziada, na mashine humrudisha kwenye uzito huo kila mara. Mama yetu aliwekewa wake mwaka 2021, alipokuwa amekonda hata mifupa ya mabega ikaonekana. Tangu hapo damu ilisafishwa, hamu ya kula ikarudi, mavuno yakaingia, akaongeza nyama ya kweli mwilini. Mizani haijui tofauti ya nyama na maji. Kilo aliyoipata kwa kula, mashine ilikuwa ikiivuta kama maji, kutoka katika mwili usio na maji ya kutoa. Kukaza misuli, sauti kukauka, kizunguzungu akisimama, miguu isiyovimba: dalili zote zilikuwa mbele ya macho yetu, ila tulikuwa tumeshamhukumu.

Aliyemtuhumu alipiga magoti akamwomba radhi. Mama alisema, "Ninyi mmesoma, lakini anayenivisha ni huyu," akamwonyesha mkwe wake.

Tuliandika barua fupi kwa daktari wake: anavyokula, blauzi, miguu, na saa ambayo misuli hukaza. Mama alikuwa akiogopa kusema, akidhani kulalamika ni kukosa shukrani. Daktari alimpima upya, akaupandisha uzito mkavu kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, jumla kilo moja na nusu, huku akiangalia presha na kifua. Mtu asijipandishie mwenyewe, maana maji yakizidi yataingia mapafuni. Aliongeza pia nusu saa kwenye muda wa mashine. Mama alipinga, lakini alipojaribu aligundua kwamba saa nne na nusu za taratibu ni nyepesi kuliko saa tatu za mateso.

Tusiseme amepona kukaza. Msuli bado hucheza siku moja moja, hasa akitoka kwenye sherehe ambako hakupika mkwe wake. Lakini tangu Oktoba ya mwaka ule hakukatiza muda tena.

Tuliagana naye safari ile ya Agosti asubuhi na mapema, ukungu ukiwa umekaa juu ya Mbulu hata mti wa jirani hauonekani. Mkwe alitusindikiza hadi kituoni akiwa amebeba begi la mama. Ndani yake alikuwa ametia viazi vilivyomenywa tayari, na karatasi aliyoandika kwa penseli uzito wa mama wa kila asubuhi na ukubwa wa mkono wake, aliopima kwa uzi.