Askari Kabla ya Sheria

Ni desturi ya watu kukumbuka vita kwa wingi wa waliouawa. Kwa kipimo hicho, pambano la Island Mound lisingetajwa popote. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu toka mwaka 1861 hata 1865 na kuangamiza watu zaidi ya 600,000, pambano hilo liliua watu wanane tu wa upande wa Serikali. Walakini thamani ya tendo haimo katika hesabu ya maiti peke yake. Imo pia katika hali ya watendaji na katika jambo walilolithibitisha.

Katika mwaka 1862 Serikali ya Muungano ilikuwa bado inasita kumpa mtu mweusi bunduki. Alipewa kazi ya kuchimba mahandaki, kupika na kuchukua mizigo ya jeshi. Wako waliodai kwamba mtu aliyezaliwa utumwani angetupa silaha na kukimbia mara amwonapo bwana wake wa zamani. Huko Kansas, Seneta James Lane hakungoja shauri hilo likatwe. Mwezi wa Agosti alianza kuandikisha kikosi cha watu weusi. Wizara ya Vita ilimwarifu kwamba hakuwa na idhini. Akaendelea kana kwamba hakuambiwa neno. Wengi wa walioandikishwa walikuwa watoro kutoka Missouri, jimbo la jirani lililobaki katika Muungano huku likishikilia utumwa. Si wote walioingia kwa hiari. Wako waliotiwa jeshini kwa nguvu.

Mwishoni mwa Oktoba watu 240 hivi wa kikosi hicho walivuka mpaka wakaingia wilaya ya Bates, Missouri, kuwatafuta wapiganaji wa waasi waliokuwa wakijificha huko. Walipiga kambi katika shamba la familia ya Toothman, wakaizungushia miti ya ua, na boma hilo likaitwa Fort Africa. Yafaa kuzingatia safari hiyo: watu waliotoroka Missouri kwa kunyemelea walirudi mchana na bunduki begani.

Tarehe 29 Oktoba waasi, waliowazidi kwa idadi na waliokuwa juu ya farasi, waliwasha moto nyikani. Askari wakajibu kwa kuwasha moto wao karibu na kambi, ili ule wa adui ukose cha kula. Kundi dogo lililotumwa mbele lilikwenda mbali kuliko ilivyokusudiwa, likavamiwa na wapanda farasi mahali pasipo kificho. Likapigana kwa risasi, kisha ana kwa ana kwa singe, katika moshi, mpaka wenzao walipofika kulisaidia na adui akarudi nyuma. Kapteni Andrew Crew, mzungu, aliuawa pamoja na askari saba, mmoja wao Mcherokee aitwaye John Six-Killer. Kumi na mmoja wakajeruhiwa.

Mzungu aliyetekwa vitani aliweza kutazamia kifungo. Mweusi alitazamia kuuawa au kurudishwa utumwani. Tena watu hao walikuwa bado si askari kwa sheria. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitoka tarehe 1 Januari 1863, na Missouri haikuwamo. Kikosi chenyewe kilipokewa rasmi jeshini tarehe 13 Januari, miezi miwili na nusu baada ya kumwaga damu. Hata hapo William Matthews, mtu mweusi aliyeandikisha wengi, alinyimwa cheo cha kapteni kwa sababu ya rangi yake. Mshahara nao ulikuwa dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za mavazi, wakati mzungu alipata 13. Usawa ulipitishwa na sheria ya Juni 1864.

Miezi miwili kabla ya sheria hiyo, huko Poison Spring, Arkansas, watu 117 wa kikosi hicho hicho waliuawa, wengi wao wakiwa wamekwisha jeruhiwa au kusalimu amri. Hofu ya siku ya Island Mound ilikuwa ya haki.

Hadi vita vilipokwisha, watu weusi wapatao 179,000 walikuwa wametumika katika jeshi la Muungano. Haingekuwa kweli kusema kwamba watu wanane wa Missouri ndio waliowafungulia mlango wote hao. Wengi waliusukuma, kila mmoja mahali pake. Lakini walioshuhudia moshi wa Island Mound hawakuweza tena kusema kwamba mtu mweusi hapigani. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwaka 2012 mahali hapo palifunguliwa pawe ukumbusho wa jimbo, miaka 150 baada ya pambano. Sheria ilipowafikia watu hao, iliwakuta wamekwisha kuwa askari.