Dakika tano za kwanza

Najua nimepotea. Mitihani ilitubana na bumu nalo likachelewa, ndo kwanza napumua. Leo tuongee muvi za kusisimua, zile za mtu kauawa na mwingine anatafutwa. Hasa mwanzo wake.

Sisi wa ualimu tunalijua andalio la somo: utangulizi dakika tano. Usipowakamata wanafunzi hapo, dakika 35 zilizobaki unaongea na madawati. Muvi nazo ni hivyo hivyo. Mwanzoni tu inabidi ujue tuko wapi, tunamfuata nani, na tuogope nini.

Mliokulia Kahama, Katoro au Nyarugusu mnavikumbuka vibanda umiza. Jioni wachimbaji wakitoka duarani wanajazana kwenye mabenchi, halafu mtafsiri anaongea juu ya Kizungu, kama Lufufu kwenye kanda zake. Kazi ya kwanza ya mtafsiri ilikuwa kutuonyesha steringi ni nani. Ila kuna mianzo haikumhitaji kabisa. Chukua Jaws ya mwaka 1975: binti anaingia baharini usiku, kitu kinamvuta kutoka chini, na papa mwenyewe hatumwoni. Mtu wa Shinyanga ambaye hajawahi kuiona bahari anaelewa bila kuambiwa kwamba humo si pa kuingia.

Kwa upande wa mhusika, mfano wangu ni Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga. Tunamkuta Mwas kijijini anauza DVD, na ili ziuzike anaziigiza mbele ya wateja. Kabla hajafika Nairobi tumeshamjua: ana kipaji, hana hela, na anaweza kujifanya mtu yeyote. Mjini anakuwa mwizi na mwigizaji kwa wakati mmoja, na vyote viwili tulivionjeshwa pale kijijini.

Kuhusu mahali, njooni jirani, Mwanza. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004) ni dokumentari, lakini inaanza kama muvi ya kusisimua. Kivuli cha ndege ya mizigo kinapita juu ya maji ya Ziwa Victoria, halafu tuko kwenye mnara wa kuongozea ndege, ambako mwongozaji anahangaika na mdudu dirishani. Hakuna aliyetaja hatari, ila mwili unakwambia hapa kuna jambo. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani. Iwe alikuwa sahihi au la, huo ndo uzito wa kuonyesha mahali pa watu: kile kivuli cha mwanzoni kinaweza kubaki kichwani kwa mgeni ambaye Mwanza hataikanyaga maisha yake yote.

Sasa nifike ninapotaka. White Shadow ya Noaz Deshe (2013), ya Kiswahili, ilishinda Venice tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Alias, kijana mwenye ualbino, anashuhudia baba yake akiuawa, na mama yake anampeleka mjini kwa mjomba wake, Kosmos. Kwetu hadithi hiyo si ya kutunga tu. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilikaa palepale Kahama ikawahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu. Ana ualbino, na anapenda muvi kuliko mimi. Likizo iliyopita tulikuwa tunaangalia muvi moja kwenye laptopu yangu, akaniuliza, "Kaka, hivi kwa nini mtu kama mimi akitokea tu mwanzoni, wote mnajua atakufa?"

Nilikosa jibu siku ile, na tangu hapo nimelifikiria sana. Mwanzo unamfundisha mtazamaji. Akizoea kwamba kanda yetu maana yake panga, na mwenye ualbino maana yake windo, atatoka ukumbini na somo hilo hilo. Simaanishi tufiche yaliyotokea. Deshe hakuficha. Ila baada ya mauaji anatuacha na Alias. Tunamwona akiuza miwani, DVD na simu, tunamwona akipenda. Kwangu hapo ndo penye tofauti: damu ikishamwagika, kamera inabaki na nani? Ikibaki na wauaji, yule aliyekufa alikuwa chambo tu cha kutuamsha. Ikibaki na aliyepona, tumepata steringi.

Ningepewa kamera ningeanza hivi. Alfajiri, karasha zinaanza kunguruma na vumbi linapanda. Binti mwenye ualbino anafunga vifungo vya mikono mirefu, anavaa kofia pana, anaenda mwaloni kwa mama yake. Yeye ndo mwandishi wa daftari la dhahabu. Analisogeza karibu kabisa na macho, anasoma gramu za jana, anatazama mzani, anasoma tena. Hazilingani. Anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya mama, kisha analifunga daftari taratibu bila kusema neno.

Hapo mahali tumepajua, binti tumemjua, na woga upo. Na anayeijua siri ni yeye, kabla yetu sote. Kuanzia hapo tunamfuata hadi soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa 2019, kutafuta gramu zilikoishia.

Nimemsomea mdogo wangu mwanzo huu kwa simu. Akasema kofia sawa, ila binti apewe na darubini ndogo ya kusomea, kama yake. Nimeiongeza.

Haya wadau, semeni na nyie: mwanzo gani wa muvi haujawatoka kichwani mpaka leo? Tuonane wiki ijayo, bumu likiruhusu.