Leta wawili tu!

Msomaji wangu, leo nimekuletea namba: 8,589,934,592. Usiikimbie! Isome taratibu: bilioni nane, milioni mia tano themanini na tisa, laki tisa na elfu thelathini na nne, mia tano tisini na mbili. Mimi shule niliishia kidato cha nne, na kuipata hii haikuhitaji chuo. Nimezidisha mara mbili tu, kwa penseli, mpaka karatasi ikajaa.

Kisa ni mama mdogo. Kaingia kwenye upatu. Siyo ule mchezo wetu wa mtaani, watu kumi mnachanga, kila mwezi mmoja anapokea mpaka zamu zinaisha. Huu wa kwake unatoa 50,000, halafu unaleta wawili, nao walete wawili wawili. Ukishawaleta wako unapewa 80,000 kutoka kwenye fedha zao, na 20,000 inayobaki inapanda juu. Mmoja kashampata. Wa pili, eti, ni mimi. "Mwanangu, watu wawili tu watakushinda?"

Wawili kweli ni wachache. Ila hebu twende pamoja. Mwenye daftari ni mmoja. Chini yake wawili, kisha wanne, wanane, kumi na sita. Ngazi ya 10 inataka watu 1,024. Ya 20 inataka 1,048,576. Ya 26 inataka 67,108,864, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga vikiwemo! Ngazi ya 33 ndiyo namba yangu, na dunia nzima, iliyofikisha watu bilioni 8 Novemba 2022, haina watu wa kuijaza.

Sasa tabia zake. Namba hii haigawanyiki kwa tatu, tano wala saba bila kubakiza kitu. Inachojua ni mbili, na mbili za mbili. Igawe nusu mara 33, unafika kwa moja, yule bwana wa juu kabisa.

Tabia ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Jumlisha ngazi zote zilizo juu yake, kuanzia yule mmoja. Unapata 8,589,934,591. Imepungua moja tu! Na siyo huko kwenye mabilioni peke yake: moja, mbili na nne ni saba, ngazi inayofuata ni nane. Maana yake, siku yoyote upatu utakapokatika, waliotoa bila kupokea watakuwa wengi kuliko wote waliokula. Hata mwenye daftari awe mcha Mungu namna gani, hesabu haibadiliki.

Nilimwonyesha mama mdogo karatasi. Akasema nina roho ya kwa nini, sitaki naye atoke kimaisha, na mpaka naandika hatusalimiani. Inaniuma, maana ile 50,000 ilikuwa mtaji wake wa vitumbua. Lakini nikiingia mimi, hasara haifi. Itahama kutoka kwake ije kwangu, nami nitatafuta wawili wa kuwatwisha. Na hao wawili, msomaji wangu, ningewapata wapi kama siyo kwako?